Fundi, nimeweka paswedi lakini mlango bado uko wazi

Meseji za mwezi huu nyingi zimegonga palepale, kuweka paswedi kwenye seva ya tovuti. Wapo waliokwama, hao angalau wanajua wamekwama na wataomba msaada, wanaonitia wasiwasi ni wale wanaodhani wamemaliza kumbe mlango uko wazi na watu wanaingia na kutoka, ndo maana baadhi ya majibu nimeyarefusha. Majina nimeyaacha, nimebakiza mtaa tu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasaidia duka moja la vipuri vya pikipiki Kariakoo, tovuti yao iko kwenye seva ya Ubuntu yenye Apache. Ndani kuna folda inaitwa bei-jumla, wanaoingia humo ni wenye maduka ya mikoani tu. Bosi kasema weka paswedi. Nimeweka .htaccess ndani ya folda, nimetengeneza na faili la paswedi, error hakuna, lakini nikifungua linki inafunguka tu kama kawaida, haiulizi kitu. Nimeristati Apache kama mara kumi sasa. Shida iko wapi? – Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ulichoandika inawezekana hakina kosa lolote, ila hakuna aliyekisoma. Apache ndo programu inayotoa kurasa za tovuti kwenye seva, na .htaccess ni faili la sheria zake linalokaa ndani ya folda, sasa Apache ya siku hizi, hii familia ya 2.4, inakuja ikiwa imeambiwa isisome .htaccess ya mtu. Fungua /etc/apache2/apache2.conf, shuka mpaka kwenye kipande cha /var/www/, utakuta mstari unasema AllowOverride None. Hiyo None maana yake hata uandike nini kwenye .htaccess seva inapita zake, tena kimyakimya bila kulalamika, ndo maana hujaona error. Ni sawa na kumwachia mlinzi barua ya maelekezo wakati mwenye nyumba alishamwambia asifungue barua ya mtu yeyote.

Kabla hujagusa chochote hakikisha kwanza kama ndo hilo. Andika neno la hovyo kwenye mstari wa kwanza wa .htaccess, mimi huwa naandika ugali maharage, sevu, halafu fungua tovuti. Kama Apache inalisoma hilo faili itakupa kosa la 500 papohapo maana haijui amri inayoitwa ugali. Kama ukurasa umefunguka vizuri tu basi faili halisomwi, na hata uristati mara mia ni kazi bure. Ukishajua, futa huo mstari.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kubadilisha None iwe AuthConfig kwa ajili ya folda hiyo. Ya pili, na mimi ndo naipenda kama seva ni yenu na una root (ruhusa zote za seva), ni kuachana kabisa na .htaccess na kuandika kila kitu kwenye faili la tovuti lililopo /etc/apache2/sites-available, kwa sababu ukiruhusu .htaccess basi kila ombi likija Apache inaanza kupekua folda moja baada ya nyingine kutafuta kama kuna barua, na pia yeyote anayeweza kupandisha faili kwenye folda anaweza kubadilisha sheria zako. Andika hivi:

<Directory /var/www/duka/bei-jumla>
    AuthType Basic
    AuthName "Bei za jumla"
    AuthUserFile /etc/apache2/paswedi/duka
    Require valid-user
</Directory>

Halafu sudo apache2ctl configtest, ikisema Syntax OK ndo unafanya sudo systemctl reload apache2. Huo mstari wa mwisho wa Require usiusahau, nimeshaona watu wameandika mitatu ya juu vizuri kabisa wakaacha huo, na bila huo seva haina sababu ya kumuuliza mtu chochote.

Sasa jambo ambalo hujaniambia, faili la paswedi umeliweka wapi? Nauliza kwa sababu niliwahi kuitwa ofisi fulani Sinza, jamaa ananionyesha kwa furaha kisanduku cha paswedi kinavyotokea, nikachukua simu yangu nikaandika anwani ya tovuti yao, mkwaju (/), paswedi.txt, nikamgeuzia kioo. Majina yote ya wafanyakazi yalikuwa pale na kila jina na heshi yake mbele, yaani paswedi ikiwa imesagwa. Alikuwa ameliweka faili kwenye folda ya tovuti ambayo haina ulinzi. Apache kwenye Ubuntu inazuia yenyewe mafaili yanayoanza na .ht, kwahiyo .htpasswd haitolewi nje, lakini paswedi.txt haina mtetezi, seva inaiona kama ukurasa mwingine wowote. Litoe kabisa kwenye folda ya tovuti. Tengeneza /etc/apache2/paswedi, weka humo, halafu:

sudo chown root:www-data /etc/apache2/paswedi/duka
sudo chmod 640 /etc/apache2/paswedi/duka

Hapo root anaandika, Apache inasoma, wengine hawaoni.

Ukimaliza usijaribu kwa laptopu ileile uliyofanyia kazi, brauza inakumbuka mambo na itakudanganya. Chukua simu, zima waifai, washa bando, fungua dirisha la faragha. Au kwa terminali, curl -I na linki ya folda, unatakiwa uone 401, yaani toa paswedi kwanza, na mstari wa WWW-Authenticate wenye lile jina la Bei za jumla. Jaribu na paswedi ya uongo, irudi 401. Jaribu ya kweli, ije 200, yaani umepita. Halafu, hili ndo wengi wanaliruka, jaribu linki ya faili lenyewe lililo ndani, ile PDF ya bei, usijaribu ukurasa wa mbele tu. Hii paswedi ya Apache inafunika kila kitu kilicho ndani ya folda, mpaka picha, na ndo ubora wake ukilinganisha na fomu za kulogini za PHP ambazo watu wanatengeneza, fomu inalinda ukurasa wa PHP lakini PDF iliyo pembeni mtu akiwa na linki yake anaishusha bila kuulizwa.

Ikikataa, usikisie, soma logi: sudo tail -f /var/log/apache2/error.log huku unajaribu. Ukiona AH01618 jina halimo kwenye faili, AH01617 jina lipo ila paswedi haikufanana, AH01620 Apache imeshindwa kulifungua faili lenyewe. Hizo namba tatu zimeniokolea masiku mengi sana.

SWALI: Kaka habari. Nimeachiwa seva na mtu aliyekuwepo kabla yangu, ilikuwa na watumiaji 14. Jana nimemuongeza wa 15 kwa htpasswd -c, leo asubuhi wale 14 wote wananipigia simu wanakataliwa, huyo mpya tu ndo anaingia. Nifanyeje? – Msomaji, Tegeta

JIBU: Pole sana. htpasswd ni amri ya kuandika faili la paswedi, na hiyo -c kazi yake ni kuanzisha faili jipya, na kama lipo tayari inalifuta na kuanza upya bila hata kukuuliza. Inatumika mara moja tu, siku ya kwanza. Siku nyingine zote ni htpasswd -B (isage paswedi kwa bcrypt, njia iliyo ngumu kuvunja), njia ya faili, na jina, basi.

Wale 14 kama hakuna bakapu ya faili, hawarudi. Na usiniulize kama kuna namna ya kuzisoma paswedi zao za zamani, hata faili lingekuwepo usingeweza, kinachokaa humo ni paswedi iliyosagwa na unga haurudi kuwa mahindi. Wape mpya, mmoja mmoja, na kila mtu aiandike mwenyewe kwenye kibodi yako mbele yako kama yuko karibu. Usitumie -b inayokuruhusu kuandika paswedi palepale kwenye amri, maana inabaki kwenye historia ya terminali na mwingine akibonyeza mshale wa juu anaiona. Kumfuta mtu ni -D, kuhakiki kama paswedi ni sahihi ni -v. Na kuanzia leo kabla ya kugusa hilo faili piga cp kwanza.

SWALI: Fundi, kuna mwenzangu ofisini tunabishana. Anasema hii paswedi ya Basic haina haja ya HTTPS kwa sababu amekagua mwenyewe kwenye brauza ameona paswedi inasafiri ikiwa herufi zisizoeleweka. Mimi nasema si salama lakini sina hoja. Halafu swali la pili, kwenye tovuti yetu nyingine yenye HTTPS inatuuliza paswedi mara mbili, kwanini? – Msomaji, Kijitonyama

JIBU: Mpe hoja hii, mwambie akae mbele ya terminali yoyote ya Linux aandike

echo YXNoYTpuYXpp | base64 -d

Itamjibu asha:nazi. Hilo ndo fumbo lote. Mtumiaji anaitwa asha, paswedi yake nazi, vimeunganishwa kwa nukta mbili na kuandikwa kwa herufi za base64, ambayo haijawahi kuwa usiri, ni namna ya kuandika tu, kama mtu anayeandika namba kwa Kirumi. Mtoto wa sekondari anaigeuza kwa sekunde moja na hahitaji ufunguo wowote. Imeandikwa waziwazi hata kwenye maelezo rasmi ya njia hii, RFC 7617 ya mwaka 2015, kwamba peke yake si salama, itumike pamoja na kitu kama TLS, ule ufungaji wa siri ulio ndani ya HTTPS.

Na kuna jambo linaloifanya iwe mbaya zaidi ya fomu ya kawaida. Fomu inatuma paswedi mara moja tu unapolog-ini. Basic inaituma kwa kila ombi, kila picha, kila kitufe. Ukikaa nusu saa kwenye tovuti umeitangaza paswedi yako mara mia kadhaa, sasa fikiria uko kwenye waifai ya mgahawa Mlimani City au hosteli ya chuo na aliyekaa meza ya pili ana programu ya kusikiliza mtandao. Hahitaji kubahatisha, anasubiri tu.

Kwahiyo HTTPS kwanza, paswedi baadae. Hakuna tena kisingizio cha hela, Let's Encrypt wanatoa vyeti bure kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, unaweka programu ya certbot, inakuombea cheti na inakihuisha yenyewe.

Swali lako la pili ndo limenifurahisha, maana wengi wanaliona kama usumbufu mdogo wakati ni tundu. Mnaulizwa mara mbili kwa sababu mtu anaanza kwa http, seva inamuuliza paswedi hapohapo kwenye http, anaitoa, ikishaitoa ndo inampeleka https, na huko kwa brauza ni mlango mwingine kwahiyo inauliza tena. Ile ya kwanza imesafiri uchi. Mara nyingi inatokea mtu akiandika paswedi na amri ya kuhamishia https ndani ya .htaccess moja, anadhani kwa vile ya kuhamisha ameiweka juu itatangulia, kumbe kwenye .htaccess Apache inamaliza habari ya ruhusa kwanza ndo inakuja kwenye kuhamisha. Itoe huko. Kwenye tovuti ya poti 80 (ya http) kusiwe na kitu kingine zaidi ya kuhamisha:

<VirtualHost *:80>
    ServerName tovuti.example
    Redirect permanent / https://tovuti.example/
</VirtualHost>

na habari yote ya paswedi ikae kwenye ile ya 443 (ya https) peke yake. Hapo mtaulizwa mara moja tu, ndani ya njia iliyofungwa. Halafu kwa vile paswedi zenu zimeshasafiri uchi muda wote huo, badilisheni zote.

Tahadhari moja tena, kama mmefunga tovuti nzima na certbot yenu inatumia njia ya kuweka faili la uthibitisho kwenye folda, Let's Encrypt watakuja kulisoma watakutana na 401, cheti hakitahuishwa, na mtagundua siku wateja wanaanza kutuma skrinshoti za onyo jekundu. Waachieni njia:

<Location "/.well-known/acme-challenge/">
    Require all granted
</Location>

halafu jaribuni na sudo certbot renew --dry-run.

SWALI: Nafundisha kompyuta shule moja Ubungo. Nimesoma kwamba bcrypt ikiongezwa namba ndo inakuwa ngumu kuvunja, nikaweka htpasswd -B -C 14. Sasa ukurasa wenye picha za wanafunzi unachukua dakika kufunguka, vijana wanasema bora zamani. – Mwalimu, Ubungo Kibangu

JIBU: Mwalimu shikamoo, na hongera kwa kujali. Ulichosoma ni kweli, ila kumbuka nilichosema hapo juu, paswedi inakuja na kila ombi, na kila ikija Apache inaisaga upya ili ilinganishe. Ukurasa wenye picha 60 ni kusaga mara 61. Na hiyo namba ikipanda moja kazi inakuwa mara mbili, ya kawaida ni 5, wewe umeweka 14, hatua tisa, yaani kazi mara 512. Wanafunzi 40 wakifungua kwa pamoja hiyo seva inahema.

Shusha iwe 8 hivi, halafu nguvu uipeleke kwenye paswedi yenyewe iwe ndefu. Maneno manne matano yasiyohusiana, mwanafunzi anayashika. Kama bado unataka namba kubwa ujue hata moduli ya authn_socache haitakuokoa, inatunza heshi iliyosomwa kwenye faili lakini kusaga kunabaki kila ombi. Ila usirudi kwenye ile ya kawaida ya htpasswd bila -B kwa sababu ya haraka, ile ni MD5 ya mizunguko 1000, faili likivuja kompyuta za sasa zinabahatisha mamilioni kwa muda mfupi.

SWALI: Mkuu, mimi natumia nginx. Kisanduku kinakuja, naandika paswedi ambayo nina uhakika nayo, inanirudishia 403. Nikahamishia faili kwenye home yangu, sasa ni 500. Nimechoka. – Msomaji, Mwenge

JIBU: Usichoke, umeshafika karibu. Nginx, ambayo ni programu ya seva ya tovuti kama Apache, ikikosa faili la paswedi mahali ulipoielekeza inajibu 403, yaani umezuiwa, ikilikuta lakini ikashindwa kulifungua inajibu 500. Kwahiyo mwanzo njia uliyoandika ilikuwa haifiki, pengine umeandika jina tu bila mkwaju wa mwanzo na nginx ikalitafuta ndani ya /etc/nginx. Andika njia nzima siku zote. Sasa hivi njia inafika lakini Ubuntu za karibuni, kuanzia 21.04, zinafunga home ya mtumiaji isipitwe na wengine, na nginx anaingia kama www-data, ni mgeni. Piga namei -l na njia nzima ya faili, itakuonyesha folda moja moja na ruhusa zake, utaona penyewe ilipokwama. Usije ukafanya chmod 777 kama wanavyoshauriana watu, hamishia tu kwenye /etc/nginx na ruhusa zilezile za 640 nilizomwambia yule wa Mbagala.

Lakini kuna kitu nataka ukiangalie leo hii kabla hujalala, na kila anayetumia nginx na PHP aangalie. Wengi wanaandika hivi:

location /ofisi/ {
    auth_basic "Ofisi";
    auth_basic_user_file /etc/nginx/paswedi;
}

na chini yake kuna ile location (kipande cha sheria za anwani fulani) ya kawaida ya PHP, location ~ \.php$. Ukifungua /ofisi/ladha.html inauliza paswedi, unafurahi. Fungua /ofisi/ripoti.php uone. Inafunguka bila kuuliza! Sababu ni kwamba nginx ikipata ombi inachagua location moja tu ya kulishughulikia, na ile yenye alama ya ~ inashinda hii yako ya kawaida, kwahiyo mafaili yote ya PHP ambayo ndo hasa ulitaka kuyalinda yanapita mlango wa pembeni ambao hauna paswedi. Nimekuta hili kwenye tovuti inayotumika, na mwenye tovuti aliishi nalo muda mrefu akiamini amefunga. Rekebisha hivi:

location ^~ /ofisi/ {
    auth_basic "Ofisi";
    auth_basic_user_file /etc/nginx/paswedi;

    location ~ \.php$ {
        include snippets/fastcgi-php.conf;
        fastcgi_pass unix:/run/php/php-fpm.sock;
    }
}

Ile ^~ inaiambia nginx ikifika hapa isiende kutafuta zaidi, na PHP inashughulikiwa humohumo ndani ikiwa chini ya paswedi. Njia ya soketi iangalie kwenye seva yako, inaweza kuwa na namba ya toleo la PHP. Na kama umetoka Apache hivi karibuni, jua nginx haisomi .htaccess hata kidogo, na haizuii yenyewe mafaili ya .ht, .htpasswd uliyoisahau kwenye folda ya tovuti mtu yeyote anaishusha. Itoe.

SWALI: Nauza keki kwa oda, tovuti yangu nilitaka nifunge yote kwa paswedi wiki mbili wakati nairekebisha. Tangu hapo wateja wachache niliowapa paswedi wakilipa kwa simu hela inakatwa lakini oda haibadiliki kuwa imelipwa. – Msomaji, Sinza Kumekucha

JIBU: Dada, hela haijapotea, taarifa ndo imekwama getini. Mteja akishalipa, seva ya upande wa malipo inakuja kugonga kwenye anwani fulani ya tovuti yako kukwambia huyu kalipa. Hiyo ni mashine, ikiwekewa kisanduku haina mtu wa kuandika paswedi, inapokea 401 inaondoka. Fungua access.log utaziona, mistari yenye 401 kwenye hiyo anwani. Iachie njia hiyo moja tu, na badala ya paswedi weka IP walizokupa wao, kwa Apache ni Require ip na namba zenyewe ndani ya Location ya hiyo anwani, kwa nginx ni auth_basic off halafu allow hizo IP na deny all. Hizo oda zilizokwama linganisha na ripoti ya malipo, uzibadilishe kwa mkono leoleo, wateja wa keki wana tarehe zao.

SWALI: Logi yangu imejaa watu wanajaribu jina la admin usiku kucha. – Msomaji, Gongo la Mboto

JIBU: Ni kawaida, ni roboti zinazunguka dunia nzima. Weka fail2ban, programu inayosoma logi na kufungia IP za wanaokosea, washa jela (ndo inavyoita sheria zake) ya apache-auth au nginx-http-auth, kwa kawaida yake mtu akikosea mara 5 ndani ya dakika 10 anafungiwa dakika 10. Usiongeze iwe wiki nzima kama wateja wako wanatumia bando za simu, mitandao ya simu inaweka watu wengi nyuma ya IP moja, utamfungia mmoja na wengine wengi wasiohusika. Na kwenye faili lako kusiwe na mtu anayeitwa admin.

SWALI: Mwanangu, mimi ni katibu wa kikundi chetu cha vikoba huku Temeke. Tuna tovuti ndogo inayoonyesha michango na mikopo ya kila mmoja, kijana mmoja alitutengenezea. Paswedi ni moja, tunatumia wote 22, tumeiandika nyuma ya kitabu cha mahudhurio. Sasa yule kijana tumeachana naye vibaya kidogo na wanachama wanasema bado anaona mambo yetu. Tufanyeje asiingie? – Mama, Temeke

JIBU: Shikamoo mama. Poleni, na mmefanya vizuri kuuliza mapema. Mimi siwezi kusema kijana anaingia, na hapo ndo shida ya paswedi moja kwa watu 22, hata mkifungua daftari la seva mtaona jina moja tu limeingia mara mia, hamjui nani ni nani.

Mtafuteni fundi mnayemwamini akae na nyinyi saa moja, msimwachie vitu aondoke navyo. Kitu cha kwanza afanye bakapu. Halafu kila mwanachama apate jina lake na paswedi yake, na lile jina la zamani lifutwe. Seva inasoma faili la paswedi upya kila mtu anapoomba ukurasa, kwahiyo jina likishafutwa hata kama simu ya mtu ilikuwa imeikumbuka paswedi, akibonyeza kitu kinachofuata anakataliwa, haina haja ya kusubiri. Hii pia mjue, kwenye aina hii ya paswedi hakuna kitufe cha kutoka, brauza inaendelea kuikumbuka mpaka ifungwe kabisa, kwahiyo mwanachama asifungue hesabu za kikundi kwenye simu ya jirani au kwenye kompyuta ya steshenari.

Lakini mama, hiyo ni paswedi ya mlango wa sebuleni. Kijana aliyetengeneza ana funguo nyingine tatu na hizo ndo kubwa. Kuna ya kuingilia kwenye seva yenyewe, fundi aangalie faili la authorized_keys (orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia) kwa kila mtumiaji na abadilishe paswedi zote za seva. Kuna ya akaunti mnayolipia seva, hiyo iwe kwa baruapepe ya kikundi na si ya mtu. Na kuna jina la tovuti, mwulizeni aliyewauzia limeandikishwa kwa jina la nani, kama ni la kijana mwombeni kwa amani ahamishe, na mkubaliane kwa maandishi. Akiwa na hizo tatu hata mkibadilisha paswedi ya mlango kila siku anaweza kuirudisha.

Nchini sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na michango na mikopo ya mwanachama ni taarifa zake binafsi, kikundi ndo kinazitunza. Kwahiyo wanachama wanaolalamika wana haki kabisa, msiwaone wasumbufu.

Mkishamaliza, chukueni simu ya mwanachama ambaye hakuwepo kwenye kikao, afungue tovuti kwa paswedi ya zamani mbele yenu. Ikimkataa, fungueni na ile orodha ya mikopo kwa linki yake moja kwa moja, nayo ikatae. Halafu ule ukurasa wa nyuma wa kitabu cha mahudhurio muuchane.